Mgeni Amewahi Basi

Gazeti lilimsifu mtu mmoja na kumponda mwingine, na wote wawili walikuwa yeye.

Kinyonga alilisoma akiwa amesimama mbele ya kibanda cha magazeti, Jumatatu asubuhi, miwani yake ikishikiliwa nyuma ya kichwa kwa kamba ya kiatu. Alipofika mwisho akarudi juu na kusoma upya, maana alidhani ameruka mstari. Hakuwa ameruka kitu.

"Mlinzi wa ghala," aliandika mhakiki, "ndiye zawadi ya mchezo huu. Sijui kundi lilimtoa wapi msanii huyu, ambaye jina lake sikuwahi kulitilia maanani. Haigizi, anaishi. Nikiambiwa walimwazima kwa mwajiri wake, wakamtoa getini akiwa zamu, nitaamini."

Halafu, chini kidogo: "Baada ya mapumziko tukaletewa hakimu." Hapo likafuata jina la Kinyonga, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, majina yote matatu, bila kukosewa hata herufi. "Anasoma orodha ya vitu vya marehemu kama mtu anayesoma risiti ya sabuni. Hana sauti, hana mwendo, hana chochote cha kushika jicho. Hatukumwona hakimu. Tulimwona mtu tu. Ningekuwa yeye ningekaa pembeni nimtazame yule mlinzi, nijifunze kazi."

"Mzee, unanunua au unasoma?" mwenye kibanda aliuliza. "Hapa si maktaba."

"Nipe mawili."

"Mawili? Kuna mtu wako amefariki?"

"Bado," Kinyonga alisema. "Lakini hali yake si nzuri."

Ili uelewe ilikuwaje gazeti zima likamgawa mtu mmoja vipande viwili, ni lazima ujue desturi moja ya kundi lao. Walikuwa watu tisa, na michezo mingi inataka watu kumi na wawili, kumi na wanne. Mwanzilishi wa kundi, mwalimu wa shule aliyekwisha kufa zamani, hakutaka watazamaji wajue kwamba wako wachache. Kwa hiyo aliweka sheria: msanii akicheza nafasi mbili, moja inaandikwa kwa jina lake na nyingine inaandikwa kwa jina la mtu ambaye hayupo. Jina hilo la kubuni lilikuwa moja tu, lile lile kila mwaka. Wenyewe kwa wenyewe walimwita Mgeni.

Mgeni alikuwa na msumari wake wa kutundikia koti kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa na kikombe chake cha chai, chenye mpini uliovunjika. Kila mmoja kwenye kundi alishawahi kuwa Mgeni. Na mwisho wa mchezo, wasanii wanapotoka kuinama mbele ya watu, Mgeni hakutoka hata siku moja, maana angetokaje? Mtazamaji akiuliza, jibu la mwalimu lilikuwa moja, nao waliomfuata walilirithi kama lilivyo: "Mgeni amewahi basi."

Safari hii Kinyonga alicheza mlinzi anayekufa kwa baridi getini kabla ya mapumziko, na baada ya mapumziko akacheza hakimu anayechunguza kile kifo. Nafasi kubwa ni ya mlinzi. Kwa kawaida jina la mtu huandikwa kwenye nafasi kubwa. Lakini Kinyonga, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, alikwenda kwa mwongozaji akaomba kitu. Aliomba jina lake liwe kwa hakimu, na mlinzi apewe Mgeni.

"Kwa nini?" mwongozaji aliuliza.

"Basi tu," alijibu, kwa sababu sababu yenyewe ilikuwa ngumu kuitamka bila kuona haya.

Sababu ilikuwa hii. Kinyonga alikuwa mwizi. Hakuiba vitu, aliiba miendo. Akipewa nafasi ya daktari, alikwenda kukaa kwenye benchi la zahanati siku nne, akarudi na mabega ya daktari. Mlevi wake kwenye runinga, yule aliyemfukuza kuku kwenye harusi watu wakacheka mpaka machozi, alikuwa na magoti ya fundi mabomba wa mtaani kwao, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Alishacheza polisi, padri, mfilisi, baba mkwe, maiti mara tatu. Kila mara alipotea ndani ya mtu mwingine kiasi kwamba hakuna aliyemjua. Barabarani watu walimsimamisha. "Nakufahamu wewe! Si ndiye uliyenitengenezea friji?" Naye alikubali, akauliza friji inaendeleaje.

Hilo lilikuwa fahari yake. Lakini alipopewa hakimu, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, alikwenda mahakamani kama kawaida yake, akakaa, akatazama, akarudi mikono mitupu. Hakumwona mtu wa kumwiba. Siku ya mazoezi akapanda jukwaani bila kitu, akafungua karatasi, akasoma orodha kwa sauti yake mwenyewe. Ilimtisha. Ilikuwa kama kutoka nje bila nguo ukagundua kwamba hakuna baridi. Akasema, huyu simpi mwendo wa mtu. Huyu nitamwandikia jina langu.

Na mhakiki naye akaandika: tulimwona mtu tu.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani aliporudi. Alikuwa na oda ya sare za shule, mashati sabini, na chumba kizima kilikuwa cheupe kwa vitambaa kama nyumba iliyomwagikiwa na maziwa. Ndiyo maana hakuwa ameuona mchezo, ingawa joho la hakimu alilishona yeye, kwa pazia kuukuu la ukumbi.

"Mbona umebeba magazeti mawili?" aliuliza bila kuinua macho. "La pili la kufungia vitunguu?"

"Jina langu limetoka."

Cherehani ikanyamaza. Juu ya kabati kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo mwanamke huyu alikuwa akibandika kila kilichoandikwa kuhusu michezo ya mumewe tangu walipooana. Katika daftari lote jina la mumewe halikuwemo hata mahali pamoja. Wahakiki waliwataja wawili watatu wa mbele, kisha wakamaliza kwa "na wengine". Yeye alichukua kalamu nyekundu akapigia mstari "na wengine", kila mara. Akiulizwa na mashoga zake mumewe anaitwa nani huko magazetini, alisema, "Anaitwa Na Wengine. Ndiye huyo huyo."

Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea gazeti. Alisoma polepole. Kinyonga alimtazama anavyosoma, akaona nyusi zikipanda kwenye mlinzi, kisha zikishuka.

"Lote limetoka," mkewe alisema. "Majina yote matatu."

"Yote. Pamoja na tope lake."

"Na huyo mlinzi ni wewe vilevile."

"Ni mimi."

"Basi huyu bwana amekupiga kofi kwa mkono mmoja na kukulisha keki kwa mwingine, na hajui kama uso ni mmoja." Alitaka kucheka, akamwona mumewe, akaacha. "Unataka nibandike?"

"Wewe ndiye mwenye daftari."

"Sibandiki kitu ambacho sijakiona. Alhamisi namaliza sare. Alhamisi jioni nakuja."

Jumanne mwongozaji alimwita ofisini, chumba kidogo nyuma ya ukumbi chenye viti viwili na ngazi. Mwongozaji alikuwa mtu mwema, mdogo kwa Kinyonga kwa miaka ishirini, na siku hiyo alikuwa na furaha inayomfanya mtu ashindwe kukaa.

"Mzee Kinyonga, tumebahatika! Runinga wanakuja Jumamosi alasiri kurekodi mchezo mzima. Na kuna mama mmoja, mtengeneza filamu. Amesoma gazeti, amenipigia simu mwenyewe. Anamtaka Mgeni."

"Anamtaka nani?"

"Mgeni! Mlinzi! Ana filamu, nafasi ya pili kwa ukubwa, siku kumi na nane za kazi. Atakaa mstari wa pili Jumamosi amtazame." Akashusha sauti. "Sasa. Hakimu."

"Hakimu ana nini?"

"Umesoma alichoandika."

"Nimesoma."

"Mimi sina neno na hakimu wako. Lakini kamera haina subira. Nimeongea na Spika." Spika lilikuwa jina la utani la mtangazaji wa redio aliyejiunga nao mwaka ule, mwenye sauti ya kutingisha vioo. "Anaweza kumshika hakimu kuanzia Jumamosi. Wewe unabaki Mgeni, unapata filamu yako, maisha yanaendelea. Nani atajua?"

Kinyonga alitazama ngazi. Ilikuwa na vidato saba, na cha tatu kilikuwa kimefungwa kwa waya.

"Na kama sitaki kumwacha?"

"Basi mtie kitu, mzee wangu. Nakuomba. Mpe mguu mbovu, mpe kigugumizi, mpe kikohozi. Wewe ndiye Kinyonga. Utashindwaje kumpaka mtu rangi?"

"Nitamtia kitu," alisema.

Akamtia kikohozi. Alikwenda nacho mazoezini Jumatano: kikohozi kikavu, cha mtu anayekohoa ili mnyamaze, kikifuatwa na leso, kikifuatwa na kutazama leso. Kilifanya kazi mara moja. Wenzake walicheka. Mama Poda, ambaye alipaka nyuso za kundi zima na hakuwahi kumsifu mtu bure, alisema, "Sasa huyo amekuwa hakimu." Mwongozaji alipiga meza. Na Kinyonga, ndani ya joho, alihisi kama amevaa viatu vya mtu mwingine vyenye joto la miguu ya mwenyewe. Alikwishavaa viatu vya watu maisha yake yote. Hii ilikuwa mara ya kwanza vimbane.

Alhamisi jioni mkewe alikaa mstari wa tatu, kwenye gauni lake la kijani. Walirudi nyumbani pamoja. Kinyonga hakumuuliza kitu, maana aliogopa.

Mkewe aliongea Ijumaa asubuhi, jikoni, akikata vitunguu kwa ajili ya mchana.

"Baba yangu umemfanya vizuri."

Kinyonga aliweka kikombe chini. "Ulimwona?"

"Nisimwone baba yangu? Mlinzi alipotoka tu, kabla hajasema neno, nikashika kiti. Anatembea kama mtu aliyebeba ndoo hata asipobeba ndoo. Miaka thelathini ya kubeba masufuria ya shule. Kinyonga, ulimwiba lini?"

"Toka siku ya posa. Nilikuwa naogopa kumtazama usoni, nikamtazama miguu."

Akacheka huku machozi ya vitunguu yakimtoka. "Na huyo hakimu," alisema, "anakohoa kama mwenye nyumba wetu wa kwanza. Yule wa kutufungia maji."

"Ni yeye."

"Mshenzi yule. Umempeleka jukwaani kufanya nini?"

"Wanampenda."

"Na kabla ya kikohozi alikuwa nani?"

"Hakuwa mtu. Ndiyo shida yake. Sikumpata wa kumwiba."

"Nionyeshe."

"Hapa? Na vitunguu hivi?"

"Unataka joho? Nenda kalete. Nionyeshe, baba watoto, kabla chungu hakijaungua."

Basi akasimama kati ya meza na jiko, akiwa na fulana na kandambili. Alichukua karatasi iliyokuwa karibu, orodha ya vifungo na nyuzi za mkewe, akaishika kama hati ya mahakama. Akasoma maneno ya mchezo, aliyoyajua kwa moyo. Hakukohoa.

"Vitu vilivyokutwa mwilini mwa marehemu. Koti moja, kifungo kimoja hakipo. Leso moja. Funguo tatu, mbili hazijulikani ni za wapi." Akatulia. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, akasema taratibu, "Tochi moja. Haina betri."

Kisu kilikuwa kimesimama. Mkewe hakuwa akikata kitu.

"Wewe," alisema. "Wewe kweli hujui ulimtoa wapi huyu?"

"Nimekwambia, sikumtoa popote."

"Siku tuliyokwenda kuchukua vitu vya baba hospitali. Miaka ishirini na mbili sasa. Pale dirishani walitukabidhi bahasha na karatasi, wakasema msome, mhakikishe, msaini. Mimi sikuweza, macho yalijaa. Ukaichukua wewe, ukanisomea. Shati moja. Miwani moja. Viatu jozi moja. Halafu ukafika kwenye kile kijiko chake cha kuonjea mchuzi, ambacho hakikutoka mfukoni mwake hata akienda msibani. Ukanyamaza. Ukanitazama hivyo ulivyonitazama sasa hivi. Ukasema, 'Kijiko kimoja,' kama mtu anayeniomba msamaha kwa kuwa dunia iko hivi." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Umenyamaza mahali pale pale. Kwenye tochi. Huyo hakimu ni wewe, bwana. Umejiiba mwenyewe."

Kinyonga alitafuta siku ile kichwani. Aliliona dirisha, lenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliiona bahasha. Mwenyewe hakujiona, maana siku hiyo hakuwa akitazama upande wake.

"Mhakiki anasema anaona mtu tu," alisema.

"Na mimi niliolewa na nini? Na padri? Na maiti?" Alikuwa ameanza kukata vitunguu tena, kwa nguvu. "Miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye viti vile vya mbao nikitazama mafundi mabomba na madaktari. Kila mtu nimemwona humo, mpaka baba yangu niliyekwisha kumzika. Mume wangu sijamwona hata mara moja. Sasa ametoka, na mimi ndiye sikuwepo, na nyie mmemtia kikohozi cha yule mshenzi."

Chungu kiliungua kidogo chini.

Baada ya chakula mkewe alipanda kwenye stuli, akatoa kopo la vifungo lililokuwa juu ya kabati, akachimba chini kabisa. Kijiko kilikuwa kimeliwa upande mmoja kwa kukwaruza masufuria.

"Weka mfukoni mwa joho," alisema. "Hakuna atakayekiona. Lakini mimi nitajua kipo."

"Nikimwacha bila kikohozi, Spika atapewa."

"Apewe. Lakini asipewe Jumamosi."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Kamera tatu, nyaya sakafuni, taa zenye joto la tanuri. Habari za mlinzi zilikuwa zimeenea, na alipotokea na mwendo wake wa ndoo watu walipiga makofi kabla hajafanya lolote. Mama wa filamu alikaa mstari wa pili akiegemea mbele, kidevu juu ya ngumi. Nyuma yake, mstari wa tatu, lilikuwa gauni la kijani. Mlinzi akafa getini kwa baridi katika lile joto lote, na ukumbi mzima ukasikika ukipenga kamasi.

Mapumziko, Mama Poda alimfuta mlinzi usoni kwa pamba, akampaka hakimu. "Usisahau kikohozi," alimnong'oneza.

"Sijakisahau," alisema. "Nimekiacha nyumbani."

Mama Poda alimtazama kwenye kioo, akaweka brashi chini.

Dakika kumi na moja. Ndizo alizokuwa nazo hakimu. Alisoma orodha ya vitu kwa sauti ya mtu aliyesimama jikoni. Nyuma ya pazia mwongozaji alishika kichwa. Watu wa mbele walijisogeza kwenye viti, mmoja alitazama saa, mwingine alifungua peremende, karatasi ikalia. Koti moja. Leso moja. Funguo tatu. Akaingiza mkono mfukoni, akakigusa kijiko, akanyamaza. Alitazama mstari wa tatu.

"Tochi moja," alisema. "Haina betri."

Gauni la kijani halikusogea.

Mwisho walitoka kuinama, yeye akiwa na joho lake. Makofi yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa na kiu. Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti: "Mlinzi!" Wengine wakadakia. "Mlinzi! Tunamtaka mlinzi! Mlinzi!" Wakawa wanapiga miguu sakafuni. Spika, ambaye alikuwa amecheza wakili, akapiga hatua mbele na sauti yake ya mtambo, akasema kwa tabasamu kama ilivyo desturi:

"Samahanini sana, wapenzi. Mgeni amewahi basi!"

Wakazomea kwa furaha. Na Kinyonga, ambaye alikuwa pembeni kabisa, wa mwisho kwenye mstari, akasikia mguu wake wa kushoto ukilegea wenyewe. Bega likashuka. Mkono ukashika ndoo ambayo haikuwepo. Akiwa na joho la hakimu, akavuka jukwaa kwa mwendo wa mlinzi, hatua sita, mpaka katikati. Pale akajinyoosha, akawa amesimama bila mwendo wa mtu yeyote, mikono ikining'inia, akawatazama.

Kimya kilichofuata hakikuwa kizuri wala kibaya. Ni kimya cha watu wanaopiga hesabu. Kisha mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Alaa! Wametuchezea!" Makofi yakaja kwa mafungu, hapa na pale, kama mvua isiyojua kama inataka kunyesha. Yeye hakuyasikiliza. Mstari wa tatu kulikuwa na mwanamke aliyesimama, mikono yote miwili imeziba mdomo.

Mwongozaji alimngoja kwenye korido. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umenivua nguo mbele ya kamera tatu, mzee wangu," alisema. "Sheria ya mwalimu. Miaka yote hii."

"Najua. Unisamehe."

"Sijui kama nimekasirika," mwongozaji alisema, naye alionekana kama kweli hajui. "Lakini hakimu siwezi kukuachia."

Mama wa filamu alikuja akiwa na mkoba begani. Alimpa mkono kwa heshima, akaushika muda mrefu. "Ni kazi nzuri sana, baba. Sitakudanganya. Lakini mimi nilikuwa natafuta mtu ambaye si mwigizaji. Nilifikiri nimempata."

"Umemkosa kidogo tu, mama," Kinyonga alisema. "Ndiyo kwanza amewahi basi."

Mama yule akacheka, akaenda zake.

Hivi ndivyo vilivyohesabiwa baadaye. Filamu moja, siku kumi na nane za kazi: haikuja. Hakimu mmoja, dakika kumi na moja: alipewa Spika kuanzia Jumanne, na kikohozi juu. Msumari mmoja: uling'olewa ukutani, kwa kuwa Mgeni hakuweza tena kurudi, na tundu lake likazibwa kwa sabuni. Kikombe kimoja, mpini umevunjika: Mama Poda alikichukua kuwekea brashi. Hatua sita: runinga walizikata, mchezo ulipoonyeshwa uliishia kwenye makofi ya kwanza. Mhakiki aliandika mara ya pili, mistari minne, kwamba kundi lenye sifa halipaswi kuwafanyia watu mzaha. Safari hii hakutaja jina la mtu.

Kipande cha gazeti kimoja, cha Jumatatu ile: kimebandikwa kwenye daftari, ukurasa wa peke yake. Majina matatu hayakupigiwa mstari. Mstari mwekundu, mmoja, ulipita chini ya maneno "mtu tu".

Kijiko kimoja: kimerudishwa kwenye kopo la vifungo.